Folda Moja, Watunzaji Wengi: Maelezo juu ya Kuoanisha Faili Baina ya Kompyuta za Kikundi

1. Utangulizi

Kazi nyingi za pamoja siku hizi hufanyika kwa njia ya faili za kompyuta. Walimu wa idara moja hutunga mihtasari ya masomo kwa kushirikiana. Kamati huandaa katiba yake rasimu baada ya rasimu. Jopo la wafasiri hugawana sura za kitabu na kusahihishana. Katika kila kikundi cha namna hii huzuka swali lile lile: nakala iliyo halali ni ipi, nayo iko kwa nani? Aghalabu huwa iko katika kompyuta ya katibu, au katika flashi iliyo mfukoni mwa mtu aliyesafiri, au katika barua pepe ya juma lililopita yenye kiambatisho kiitwacho "rasimu ya mwisho", ambacho kimekwisha kufuatwa na kingine kiitwacho "rasimu ya mwisho kabisa".

Njia inayotumiwa na wengi kuondoa tatizo hili ni kukodi nafasi katika seva za kampuni kubwa. Njia hiyo ina manufaa yake, nasi hatukusudii kuibeza. Lakini yataka intaneti karibu kila wakati, na inaweka mtu wa tatu katikati ya wanakikundi: akaunti ikifungwa, au ada isipolipwa, kazi ya wote huwa mashakani. Makala hii inakusudia kueleza njia nyingine, ambayo kwayo kompyuta za wanakikundi huwasiliana zenyewe kwa zenyewe na kuitunza folda moja bila kuihifadhi katika seva yoyote ya kati. Mfano tutakaoutumia ni wa programu iitwayo Syncthing, kwa kuwa ni programu huria, haitozwi ada, na maelezo ya utendaji wake yako wazi kwa kila mtu.

Tuseme tangu mwanzo hoja tunayotaka kuitetea. Programu ya namna hii huondoa kituo cha kati, lakini haiondoi haja ya mapatano. Inazifanya nakala zote kuwa sawa kwa hadhi. Kwa sababu hiyo wajibu uliokuwa juu ya mlinzi mmoja huwaangukia wanakikundi wote. Kikundi kisichotambua jambo hilo chaweza kupoteza kazi ya miaka mingi kwa amri moja ya kufuta, tena kwa upesi kuliko zamani, wakati kila mtu alipokuwa na nakala yake iliyochakaa.

Katika makala hii neno "kuoanisha" litakuwa na maana ya kuzifanya folda mbili au zaidi, zilizo katika kompyuta mbalimbali, ziwe na yaliyomo yale yale, hata kama mabadiliko yanafanywa upande wowote.

2. Maana ya mtandao wa rika

Kwa desturi, kompyuta zinazoshirikiana huwa na moja iliyo kubwa, yaani seva, na nyingine zote huiomba hiyo. Katika mtandao wa rika hali ni tofauti. Kama tujuavyo, watu wa rika moja hushirikiana kama walio sawa. Kila mmoja aweza kumpa mwenzake na kupokea kutoka kwake. Ndivyo zilivyo kompyuta katika mpango huu. Kila moja ina nakala kamili, kila moja yaweza kutoa na kupokea.

Wazo hili lilikua hatua kwa hatua. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa programu ya rsync, ambayo badala ya kutuma faili nzima upya ilituma zile sehemu tu zilizobadilika. Mwaka 1999 ilianza huduma ya Napster huko Marekani, ambamo watu walipeana faili za muziki moja kwa moja kati ya kompyuta zao. Hata hivyo, orodha ya nani ana nini ilikaa katika seva za kampuni yenyewe. Mwaka 2001 huduma ile ilikoma kufuatia amri ya mahakama kuhusu hakimiliki. Orodha ilipozimwa, wale watu wote waliokuwa na faili hawakuweza tena kupatana. Mfano huu wafundisha kwamba mtandao waweza kuitwa wa rika, na bado ukategemea nguzo moja. Mwaka huo huo wa 2001 Bram Cohen alitoa BitTorrent, ambayo huikata faili vipande vipande ili kila anayepokea awe pia mtoaji wa vipande alivyokwisha kupata.

BitTorrent ilifaa kusambaza kitu kilichokamilika. Folda ya kikundi, kinyume chake, hubadilika kila siku mikononi mwa watu wengi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwaka 2013 kampuni ya BitTorrent ilitoa programu ya kuoanisha iliyoitwa Sync, ambayo tangu mwaka 2016 inaendelezwa na kampuni ya Resilio. Desemba 2013 Jakob Borg wa Sweden alitoa toleo la kwanza la Syncthing, ambalo chimbuko lake la maandishi ya programu lilikuwa wazi kusomwa na kukaguliwa na yeyote.

3. Jinsi programu inavyofanya kazi

(a) Utambulisho. Katika Syncthing hakuna kufungua akaunti wala kuchagua jina la mtumiaji. Programu inapoanzishwa mara ya kwanza hujitengenezea ufunguo na cheti, na kutokana na cheti hicho hupatikana kitambulisho cha kifaa chenye herufi na tarakimu 56, zilizopangwa katika mafungu 8 ya herufi saba saba. Vifaa viwili haviwezi kuunganishwa mpaka kila kimoja kiwe kimeandikishiwa kitambulisho cha mwenzake. Upande mmoja ukikubali na mwingine ukakaa kimya, hakuna kinachopita. Kwa hiyo kumpa mtu kitambulisho chako si kumpa ruhusa ya kuingia. Ni kumwezesha kubisha hodi.

(b) Kukutana. Vifaa vilivyo katika mtandao mmoja wa ndani, kama vile Wi-Fi ya ofisi, hutangaziana kuwapo kwao na kuungana papo hapo. Katika hali hiyo intaneti haihitajiki kabisa. Walimu walio katika jengo moja waweza kuoanisha rekodi za mihadhara zenye ukubwa wa mamia ya megabaiti bila kugusa bando la mtu yeyote. Vifaa vikiwa mbali, hutumia seva za uelekezaji, ambazo kazi yake ni kueleza kifaa fulani kwa sasa kinapatikana katika anwani gani ya intaneti. Pale ambapo vifaa viwili havifikiani moja kwa moja kwa sababu ya vizuizi vya mtandao, mawasiliano hupitia seva za kupitishia, ambazo nyingi zimetolewa na watu wa kujitolea. Mawasiliano yote yamefichwa kwa maandishi ya siri toka kifaa hadi kifaa, hivyo seva ya kupitishia haiwezi kusoma faili. Yafaa tuseme kweli, hata hivyo, kwamba seva hizo huona ni anwani zipi zinazowasiliana. Faili hazionekani, bali kule kuwasiliana kwenyewe hakufichiki kabisa.

(c) Vipande na mihuri. Kila faili hugawanywa vipande vya ukubwa kuanzia kibibaiti 128 hadi mebibaiti 16, kulingana na ukubwa wa faili. Kwa kila kipande programu hukokotoa namba ndefu itokanayo na yaliyomo, ambayo hapa tutaiita muhuri. Kipande kikibadilika hata kwa herufi moja, muhuri wake hubadilika. Vifaa hupashana orodha za mihuri, kisha kifaa kilichopungukiwa huomba vile vipande tu ambavyo hakina, nacho chaweza kuviomba kwa wenzake kadhaa kwa wakati mmoja. Muhuri huo pia ni uthibitisho: kipande kilichoharibika njiani hukataliwa.

Hapa yafaa kuonya dhidi ya matumaini yaliyopita kiasi. Akiba inayopatikana kwa kutuma vipande vilivyobadilika ni kubwa pale ambapo badiliko limekaa mahali pamoja, au limeongezwa mwishoni mwa faili. Hati za Word za aina ya docx zimebanwa ndani yake, hivyo kuongeza sentensi moja kwaweza kubadilisha sehemu kubwa ya faili. Bahati njema ni kwamba faili hizo kwa kawaida ni ndogo.

(d) Kugundua mabadiliko. Programu huitazama folda wakati wote, na mtumiaji akihifadhi faili huanza kuisambaza baada ya muda mfupi. Zaidi ya hayo, isipopangwa vinginevyo, huikagua folda nzima kila baada ya saa moja hivi ili kuhakikisha kwamba hakuna kilichoipita.

4. Hatua za kuanzia katika kikundi

Kwanza, kila mwanakikundi aweke programu katika kompyuta yake, akiichukua kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Ipo kwa ajili ya Windows, macOS na Linux. Kwa simu za Android, programu rasmi ilikoma kutolewa Desemba 2024, ingawa wengine wanaendeleza toleo lililotokana nayo. Kwa simu za iPhone mradi wenyewe hautoi programu. Kwa sababu hiyo kikundi kisiweke tegemeo lake kwenye simu. Simu na iwe ya kusomea, kompyuta iwe ya kutunzia.

Pili, wanakikundi wapeane vitambulisho kwa njia wanayoiamini, iwe ana kwa ana au kwa ujumbe kutoka kwa mtu wanayemjua, na kila upande uandikishe mwenzake. Kikundi kikiwa kikubwa, kazi ya kila mmoja kumwandikisha kila mmoja huchosha: watu 10 wanahitaji viungo 45. Programu imeweka namna ya kukifanya kifaa kimoja kuwa mjulishaji. Ukikipokea kifaa cha mwenzako kama mjulishaji, kitakujulisha wengine wote wanaoshiriki nacho folda ile. Heshima hiyo apewe mtu mmoja anayeaminiwa, maana anayemkaribisha yeye ndiye atakayekaribishwa kwenu nyote.

Tatu, mmoja aiunde folda na kuwashirikisha wengine. Folda hupewa kitambulisho chake, ambacho lazima kifanane katika vifaa vyote, ingawa jina linaloonekana na mahali ilipowekwa vyaweza kutofautiana. Kila anayepokea achague mahali patupu. Akiielekeza kwenye folda ambayo tayari ina vitu vyake binafsi, vitu hivyo vitachanganyika na vya kikundi na kusambazwa kwa wote.

Nne, na hili husahauliwa mara nyingi, kikundi kiwe na kifaa kimoja ambacho hakizimwi. Kwa kuwa hakuna seva ya kuhifadhi, faili hupita tu pale vifaa viwili vinapokuwa hewani pamoja. Mwalimu anayeandika usiku na kuifunga kompyuta yake alfajiri, na mwenzake anayeifungua asubuhi, waweza kukaa juma zima bila kupashana lolote. Kompyuta ndogo inayotumia umeme kidogo, ikikaa ofisini siku zote, hupokea kwa huyu na kumpa yule. Haina mamlaka juu ya nakala nyingine. Ni mwanakikundi kama wengine, ila yeye halali.

5. Watu wawili wanapoandika faili moja

Tuchukue mfano. Mwalimu A na Mwalimu B wana faili moja ya mtaala. Umeme umekatika chuoni, mtandao haupo, na kila mmoja anaendelea kuandika kwa betri ya kompyuta yake. Mtandao ukirudi, ipi ndiyo faili ya kweli?

Programu haiwezi kujibu swali hili kwa kutazama saa peke yake, kwa sababu aliyeandika mwisho si lazima awe ameiona kazi ya mwenzake. Kwa hiyo kila faili hubeba hesabu ndogo inayoonyesha kila kifaa kimeibadilisha mara ngapi. Tuseme mwanzo hesabu ni A mara moja, B mara moja. Kama B ataipokea kazi mpya ya A (A mara mbili, B mara moja) kisha akaongeza yake (A mara mbili, B mara mbili), ni dhahiri kwamba faili ya B imeijumlisha ile ya A, nayo huchukua nafasi yake bila ubishi. Lakini kama A anayo hesabu ya mbili kwa moja, na B anayo ya moja kwa mbili, hakuna inayoijumlisha nyingine. Kila mmoja ameandika bila habari za mwenzake. Huo ndio mgongano.

Katika mgongano programu haijaribu kuunganisha maandishi, maana haijui maana yake. Kwa kawaida faili ambayo saa yake ya kubadilishwa ni ya nyuma zaidi hupewa jina jipya lenye maneno "sync-conflict", tarehe, saa na alama ya kifaa kilichoibadilisha, kisha husambazwa kwa wote kama faili nyingine yoyote. Hakuna kilichopotea, wala hakuna kilichoamuliwa. Saa za kompyuta zisiposahihishwa, hata ule uchaguzi wa ipi ibaki na jina lake huwa wa kubahatisha.

Hatari iliyopo hapa ni ya ukimya. Nakala ya mgongano haipigi kelele. Hukaa ndani ya folda kwa miezi, na ndani yake mna aya tatu ambazo mwalimu mmoja anaamini zimo katika mtaala, na ambazo hazimo. Siku mtaala unapopelekwa mbele ya baraza ndipo atakapotambua. Dawa yake haimo katika programu. Ni lazima awepo mtu mwenye wajibu wa kuzitafuta nakala hizo, tuseme kila Ijumaa, na kuwaita waandishi wawili wakae pamoja wapatanishe maandishi yao. Na bora kuliko dawa ni kinga: sura moja iwe na mwandishi mmoja kwa wakati mmoja, na kazi ndefu igawanywe katika faili kadhaa badala ya faili moja kubwa.

6. Kuoanisha si kuweka akiba

Hapa tumefika kwenye kosa linalogharimu zaidi. Watu huona kwamba faili zao ziko katika kompyuta tano, wakahitimisha kwamba wanazo akiba tano. La hasha. Wanayo folda moja inayoonekana mahali patano. Mmoja akifuta kwa bahati mbaya, kufuta kule husambazwa kwa uaminifu ule ule uliosambaza kuandika. Kirusi kikiharibu faili katika kompyuta moja, uharibifu huo nao kwa programu ni badiliko halali, na utafika kwa wote.

Programu imetoa kinga kwa njia ya kutunza matoleo ya zamani, lakini kinga hiyo haikuwashwa tangu mwanzo. Mtumiaji lazima aiwashe mwenyewe kwa kila folda. Ziko namna kadhaa. Ya kwanza ni kapu la takataka, ambamo faili iliyofutwa au kubadilishwa hukaa kwa idadi ya siku iliyopangwa. Ya pili hutunza matoleo machache ya mwisho ya kila faili. Bila kubadilishwa, idadi yake ni 5. Ya tatu hutunza kwa ngazi: katika saa ya kwanza toleo moja kwa kila sekunde 30, katika siku ya kwanza toleo moja kwa kila saa, katika siku 30 za kwanza toleo moja kwa kila siku, na baada ya hapo toleo moja kwa kila juma, mpaka ufike ukomo, ambao kwa kawaida ni siku 365. Kwa kikundi kinachoandika, hii ya tatu ndiyo tunayoipendekeza.

Lipo jambo moja katika kinga hii ambalo wengi hawalielewi mpaka wamekwisha kuumia. Kifaa hutunza toleo la zamani pale tu kinapopokea badiliko kutoka kwa kifaa kingine. Badiliko alilolifanya mtu mwenyewe katika kompyuta yake halitunzwi hapo. Maana yake ni kwamba ukifuta sura yako mwenyewe, wewe huna pa kuitafuta. Itapatikana kwa mwenzako, ikiwa yeye aliiwasha kinga. Kwa maneno mengine, kila mmoja hulinda makosa ya mwenzake, na hakuna awezaye kujilinda peke yake. Ndiyo sababu tunasema kinga hii iwashwe katika vifaa viwili au zaidi, na kile kisichozimwa kiwe mmojawapo.

Hata hivyo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Zaidi ya kinga hiyo, kikundi kiwe na diski ya nje ambayo mara moja kwa juma au kwa mwezi hunakiliwa folda nzima, kisha huchomolewa na kufungiwa kabatini. Nakala isiyounganishwa na kitu ndiyo pekee isiyofikiwa na kosa lililosambaa.

7. Mamlaka na mipaka yake

Msomaji aliyezoea ofisi atauliza: je, mkuu wa idara aweza kuwaruhusu wengine kusoma tu bila kuandika? Jibu ni kwamba aweza kwa sehemu. Kila kifaa huchagua chenyewe namna ya kushiriki: kutuma na kupokea, kutuma tu, au kupokea tu. Kifaa kilichowekwa kutuma tu hakikubali mabadiliko ya wengine. Kilichowekwa kupokea tu hakiwasambazii wengine mabadiliko yake. Lakini uchaguzi huo hufanywa na mwenye kifaa kwa kifaa chake. Mkuu wa idara akiweka kifaa chake kutuma tu, nakala yake itabaki kama alivyoiandika, ila wengine waweza bado kubadilishiana mabadiliko yao wao kwa wao. Atakapotaka kuirudisha nakala yake kwa wote, itambidi aamuru hivyo. Programu humpa kila mtu mamlaka juu ya nyumba yake, haimpi mamlaka juu ya nyumba ya jirani.

Ipo namna nyingine yenye faida kubwa, nayo ni ya kukipa kifaa kisichoaminiwa nakala iliyofichwa kwa maandishi ya siri. Kifaa hicho huhifadhi vipande na kuvipitisha, lakini hakiwezi kuvisoma, wala majina ya faili hakiyajui. Hivyo kikundi chaweza kukodi kompyuta mahali pengine iwe ndiyo isiyozimwa, bila kumwonyesha mwenye kompyuta hiyo yaliyomo. Neno la siri la folda likipotea, nakala hiyo haina msaada kwa mtu yeyote. Kwa hiyo litunzwe na watu wawili.

Na mtu anapoondoka katika kikundi? Kuondoa kifaa chake katika orodha huzuia mabadiliko yajayo, lakini alichokwisha kupokea kinabaki kwake. Tena kila mwanakikundi lazima amwondoe, isipokuwa wale waliomjua kupitia mjulishaji, ambao kwao mjulishaji akimwondoa, naye huondolewa. Kutokana na hayo twaona kwamba si kila kitu kifaacho kwa folda ya kikundi. Mitihani ambayo haijafanywa, alama za wanafunzi, na barua za mashauri ya watu binafsi havipaswi kuwekwa mahali ambapo haviwezi kurudishwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka wajibu kwa taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa za watu. Taarifa hizo zikienea katika kompyuta 10 za nyumbani, wajibu haupungui.

8. Mapatano ya kikundi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tunashauri kwamba kabla ya kuunganisha hata vifaa viwili, kikundi kiandike ukurasa mmoja wa mapatano, ukurasa huo uwe faili ya kwanza kuwekwa katika folda, nao ujibu maswali yafuatayo:

(i) Folda hii ni ya kazi gani, na ni vitu gani havitawekwa humo?
(ii) Ni nani mjulishaji, na ni nani atachukua nafasi yake akisafiri au akihama?
(iii) Ni kifaa kipi hakizimwi, kiko wapi, na nani huhakikisha kwamba kinafanya kazi na kwamba diski yake haijajaa?
(iv) Ni vifaa vipi vinatunza matoleo ya zamani, na kwa muda gani?
(v) Nani hutafuta nakala za mgongano, na siku gani?
(vi) Nakala ya diski ya nje huchukuliwa lini, na ufunguo wa kabati uko kwa nani?
(vii) Ni nani mwenye ruhusa ya kufuta au kuhamisha folda ndogo iliyo ya wote?

Swali la saba laweza kuonekana dogo. Lakini mtu anayepanga upya folda kwa nia njema, akahamisha vitu ili papendeze, amepanga upya kompyuta za wenzake wote, na wao hawakuulizwa. Watakapofungua asubuhi hawataona kazi yao mahali walipoiacha, na wengine watadhani imefutwa. Kila anayetaka kupanga na awaarifu wenzake kwanza.

Mapatano haya yapimwe. Mara moja katika muhula, mtu mmoja afute kwa makusudi faili ya majaribio, kisha wengine wajaribu kuirudisha kutoka katika matoleo ya zamani, na pia kutoka katika diski ya nje. Kinga isiyojaribiwa ni tumaini tu.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba teknolojia ya kuoanisha faili kwa mtandao wa rika imefikia hatua ambayo kikundi kidogo, kisicho na fedha za kukodi seva wala intaneti ya uhakika, chaweza kutunza kazi yake ya pamoja bila kumtegemea mtu wa nje. Hilo si jambo dogo kwa taasisi zetu, ambamo kazi ya miaka mingi imekuwa ikitoweka pamoja na kompyuta ya mtu mmoja.

Lakini nahodha wengi, chombo huenda mrama. Pale penye seva, kuna mtu aliyeajiriwa kuitunza, nasi twaweza kumlaumu. Katika folda isiyo na kituo hakuna wa kulaumiwa, kwa sababu kila mmoja ni mtunzaji. Kinga ya kazi yako imo katika kompyuta ya jirani yako, na ya kwake imo katika yako. Basi kikundi kinachotaka kuanza na kianze na vifaa viwili, faili chache zisizo na thamani kubwa, na ule ukurasa mmoja wa mapatano. Baada ya mwezi mmoja wa kujaribu, ndipo kazi yenyewe iingizwe.